Mwalimu Arudipo Ugenini: Habari za Isiolo

Msafiri atokaye Nanyuki kwenda kaskazini hupita kwanza Timau, penye mashamba ya ngano na baridi ya Mlima Kenya, kisha barabara huanza kuteremka. Katika mwendo usiozidi saa moja huvua koti lake na kufungua dirisha la gari, naye huona chini yake nchi pana ya rangi ya kahawia ambayo macho hayafiki mwisho wake. Huko chini ndiko Isiolo. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 280, safari ya saa tano au sita kwa basi. Walakini wenyeji wakimwona mgeni ameshuka na sanduku lake, humsalimu, humpa mkono, kisha humwuliza kwa adabu, “Umetoka Kenya?”

Msomaji asidhani kwamba watu hawa hawajui jiografia. Mtoto yeyote wa darasa la nne wa Isiolo aweza kukuonyesha mpaka wa Kenya na Ethiopia katika ramani upesi kuliko mtoto wa Kiambu. Neno hilo lina historia. Sheria ya mwaka 1902, na nyingine ya mwaka 1934, ziliifanya nchi yote ya kaskazini kuwa wilaya zilizofungwa. Mtu asiye mwenyeji hakuweza kuingia bila kibali, wala mwenyeji hakuweza kutoka apendavyo. Isiolo ndipo palipokuwa na kizuizi cha barabarani, na askari aliyesimama hapo alitazama karatasi ya kila mtu. Upande huu wa mti ni Kenya. Upande ule ni Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Tena Uhuru ulipokuja haukuleta ufunguo mara moja. Tarehe 28 Juni 1963 Bwana Daudi Dabasso Wabera, aliyekuwa Bwana Shauri wa Isiolo, aliuawa safarini pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Tarehe 28 Desemba mwaka huohuo Serikali ilitangaza hali ya hatari, vita vya mashifta viliendelea mpaka mwaka 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mtu aliyezaliwa Garba Tula mwaka 1950 alifikia umri wa miaka 41 bila kujua maana ya kusafiri kama raia wengine wanavyosafiri. Basi mtu kama huyo akisema kwamba mwanawe amekwenda Kenya kutafuta kazi, tusimcheke.

Naandika haya kwa ajili ya waalimu. Shule za kaskazini zilianza kuchelewa, nyingi baada ya Vita Kuu ya Pili, na kwa sababu hiyo waalimu wazaliwa wa huko wamekuwa wachache tangu hapo hadi leo. Kaunti ya Isiolo ina ukubwa wa kilomita za mraba 25,336, nayo katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 268,002 tu. Waalimu wake wengi, hasa wa shule za sekondari, hutoka Meru, Kisii, Bungoma, Machakos, Busia na kwingineko. Wao ni raia wa nchi hii, wana kitambulisho kilekile na hulipwa mshahara na Tume ileile iliyoundwa mwaka 1967. Lakini mahali wanapofundisha ni ugenini kweli kweli. Lugha si yao, chakula si chao, wengi wao dini yao si ya jirani zao, na hata jua ni jingine.

Habari za mwalimu mgeni afikapo mara ya kwanza zimeandikwa mara nyingi. Hushtuka kwa joto na vumbi, huhesabu siku za likizo, na mwisho huzoea au hukimbia. Ziko habari nyingine ambazo sijaona mtu akizieleza, nazo ni za yule aliyekwisha ondoka kisha akarudi. Mimi ni karani wa Serikali, na barua nyingi za watumishi hupita mezani pangu. Barua za waombao kuhamishwa kutoka kaskazini ningeweza kuzijaza katika gunia. Barua za waombao kurudi hazijazi bahasha moja. Ndiyo maana nilipoona moja mwishoni mwa mwaka 2023 niliisoma mara mbili, na mwenye barua alipofika nilimtafuta nikanywa naye chai.

Mwalimu huyu hapendi jina lake litajwe, nami nimemwahidi. Ni mtu wa Busia, afundishaye hisabati na fizikia. Alifika mara ya kwanza mwaka 2017 katika shule moja ya sekondari ng'ambo ya mji, akakaa miaka minne, akapata uhamisho wa kwenda karibu na kwao mwaka 2021. Huko alijenga nyumba ya matofali, akapanda muhogo, akazika baba yake. Nilimwuliza kwa nini basi amerudi. Alifikiri kidogo akajibu kwamba kule kwao kulikuwa na waalimu wanne wa hisabati katika shule moja, nao waligombania vipindi, hali kule alikotoka darasa zima lilisoma fizikia kwa kunakili daftari za mwaka uliopita. Kisha aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba posho ya mazingira magumu nayo si kitu cha kudharau mtu akiwa na watoto watatu shuleni. Nilipenda jibu hilo kwa kuwa lilikuwa na sehemu zote mbili.

Alirudi mwezi wa Januari 2024, naye alidhani kwamba anarudi mahali anapopajua. Hapo ndipo taabu yake ilipoanzia. Mgeni wa kwanza husamehewa. Akiingia nyumbani na viatu huambiwa polepole. Akitoa mkono wa kushoto watu hutazama kando. Akiuliza mzee ana ng'ombe wangapi, swali ambalo kwa wafugaji ni sawa na kumwuliza mtu wa mjini ana fedha kiasi gani benki, mzee hucheka na kusema ni wachache. Lakini mwenye kurudi hasamehewi. Wanasema, “Huyu anajua.” Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Isiolo hakuna majembe mengi, lakini maana ni hiyohiyo: walimpa kazi kabla hajafungua sanduku. Jioni ya kwanza wazee wawili walimletea shauri la karo, na mama mmoja alimletea kijana aliyefukuzwa shule nyingine. Mwaka 2017 jioni ya kwanza walimletea maziwa.

Nyumba aliyokuwa akikaa zamani ilikuwa imepewa mwalimu mwingine, na kodi ya vyumba karibu na shule ilikuwa imepanda. Alipata chumba kimoja cha mabati kwa mama mmoja mjane, mwuza maziwa. Mama huyo alikumbuka uso wake. Alimkagua kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha wakasemezana hivi, kama mwalimu mwenyewe alivyonisimulia:

“Mwalimu, ulikwenda Kenya?”

“Nilikwenda nyumbani, mama. Mzee wangu alikuwa mgonjwa.”

“Mungu amrehemu. Sasa umerudi, au unapita?”

“Nimerudi, mama.”

“Haya. Tutaona mpaka mvua ya pili.”

Alichukua kodi ya mwezi mmoja tu, ingawa mwalimu alikuwa tayari kulipa mitatu. Hakutaka kufungwa na fedha ya mtu ambaye labda atakwenda zake.

Yafaa nieleze jambo la mvua, maana bila hilo msomaji wa nchi ya mashamba hataelewa lililobadilika. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika kaskazini ya Kenya, jambo ambalo wazee hawakumbuki kuliona. Wanyama zaidi ya milioni mbili walikufa katika nchi yetu. Kisha mwisho wa mwaka 2023 ikaja mvua kubwa kupita kiasi, barabara zikakatika, na mbuzi waliosalimika ukame wakachukuliwa na maji. Mwalimu wetu aliondoka kabla kiangazi hakijakolea, akarudi baada ya mafuriko. Alipotazama nje ya basi aliona majani mabichi mpaka magotini, mito yenye maji na ndege wengi. Alisema moyoni, nchi hii imetajirika. Ilimchukua majuma mawili kutambua kwamba majani yalikuwa marefu kwa sababu hapakuwa na wa kuyala. Watu aliowaacha na ng'ombe arobaini walikuwa na wanne, na wengine walikuwa na fimbo tu.

Darasani aliliona jambo hilo kwa namna nyingine. Watoto aliowaacha kidato cha kwanza walikuwa sasa kidato cha nne. Alikuwa ametunza daftari yake ya zamani ya mahudhurio, akaileta, akasoma majina asubuhi moja kwa furaha ya kuonana. Karibu theluthi ya majina hayakuitikiwa. Kila aliposoma jina lisilo na mwenyewe, wanafunzi walijibu kwa neno moja au mawili: yuko fora, maana yake ameondoka na mifugo mbali na nyumbani, na mara nyingi sasa ni mifugo ya mtu mwingine ambaye humlipa, yuko bodaboda, yuko Eastleigh, ameolewa. Hakuna aliyesema kwa huzuni. Walisema kama watu wanaotoa hesabu.

Alifunga daftari, naye siku hiyo hakufundisha jambo la maana. Jumamosi iliyofuata alimwendea chifu, wakamchukua na mzee mmoja wa olla, yaani kijiji cha Waborana, wakaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Kwa mwalimu mgeni kabisa jambo hili lisingewezekana. Nani angemjua? Kwa aliyerudi liliwezekana, lakini alilipia. Katika nyumba ya pili baba wa kijana mmoja alimwambia mbele ya chifu: “Wewe uliondoka tulipokuwa tukifa. Sasa unadai mtoto?” Mwalimu aliinamisha kichwa akanywa chai aliyopewa. Chai ya huko ina maziwa mengi na sukari nyingi, na mtu akiikataa amekata mazungumzo. Mzee wa olla ndiye aliyejibu badala yake. Alisema kwamba hata mvua iliondoka wakati huo, nayo iliporudi hakuna mtu aliyeifungia mlango. Watu walicheka. Kijana yule hakurudi shuleni. Yuko Isiolo mjini na pikipiki yake mpaka leo, na baba yake ananunua unga kwa fedha yake. Siwezi kumlaumu baba huyo, ingawa mwalimu bado anamlaumu.

Aliyerudi ni msichana mmoja ambaye alikuwa amezaa. Siasa ya Wizara ya Elimu juu ya jambo hili ni wazi tangu mwaka 1994, na ilifafanuliwa tena katika mwongozo wa mwaka 2020: msichana aliyezaa ana haki ya kurudi darasani. Wazazi wengi hawajapata kuisikia, na waalimu wengine huifahamu lakini hupenda kuisahau. Nyanyake msichana aliuliza maswali matatu tu: nani atamnyonyesha mtoto, nani atazuia wavulana kumcheka, na je, mwalimu huyu atakuwapo mpaka siku ya mtihani? La kwanza nyanya mwenyewe alikuwa na jibu lake. La pili mwalimu mkuu aliahidi. La tatu lilimbakia mwalimu wetu, naye aliahidi mbele ya watu. Aliniambia kwamba kurudi kwake hasa kulitokea hapo, katika kibanda kile, wala si siku aliposhuka basini.

Msichana alikaa dawati la karibu na mlango. Saa nne kila siku nyanya alifika uani na mtoto mgongoni. Muhula wa pili ulichelewa kufunguliwa nchini kote kwa ajili ya mafuriko, mpaka tarehe 13 Mei 2024, na mwalimu aliogopa kwamba muda huo wa bure ungempoteza tena. Lakini siku ya kufungua alikuwapo. Alifanya mtihani wa mwisho mwezi wa Novemba. Daraja alilopata si la kutangazwa redioni. Lilimtosha kuingia chuo cha ufundi, na huko ndiko aliko.

Nisije nikamfanya msomaji adhani kwamba kurudi ugenini kufundisha ni jambo la Isiolo peke yake. Wasomaji wenye umri wanakumbuka waalimu wa Uganda waliojaa katika shule zetu za sekondari miaka ya 1970, waliokimbia utawala wa Idi Amin. Walifundisha Kiingereza, sayansi na hisabati kwa bidii, na wako wakubwa wengi wa leo waliopitia mikononi mwao. Amin alipoondolewa mwezi wa Aprili 1979 baadhi yao walifunga mizigo kwa nyimbo wakarudi kwao. Fujo ilipozuka tena huko miaka ya mwanzo ya 1980, wengine walivuka mpaka wa Busia mara ya pili na kuomba kazi zilezile. Mwalimu mmoja mzee wa kabila la mama yangu alifanya kazi na mtu wa namna hiyo. Alisema kwamba mara ya kwanza Mganda huyo alikaa kama mtu angojaye basi, hakununua hata kiti. Mara ya pili alinunua kitanda, meza na kuku. Kadhalika wako Wamarekani na Waingereza walioletwa kuanzia mwaka 1961 kufundisha katika Kenya, Uganda na Tanganyika kwa mpango uliosimamiwa na Chuo cha Waalimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wengine walipomaliza miaka yao miwili walikwenda zao. Wengine walirudi baada ya nywele kuwa nyeupe, kuzitembelea na kuzisaidia shule walizofundisha.

Wala mji wa Isiolo wenyewe haukosi kujua mambo ya wageni. Ni mji uliojengwa na wageni. Wasomali wa Isaaq na Harti, wengi wao askari waliotumika katika vita vya 1914 mpaka 1918, walikaa hapa baada ya vita. Miaka ya mwisho ya 1930, Italia ilipokwisha kuivamia Uhabeshi, wakimbizi kutoka huko waliwekwa kambini hapa hapa. Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasomali, kila mmoja ana mtaa wake na hadithi yake ya jinsi alivyofika, na kila mmoja, ukimsikiliza muda wa kutosha, atakuambia kwamba yeye ndiye wa kwanza. Ugomvi umetokea pia, na wa kumwaga damu. Mwishoni mwa mwaka 2011 na mwanzoni mwa 2012 maelfu walihama nyumba zao, na watoto wengi walikosa masomo. Mwalimu wa ugenini ana faida moja katika mambo hayo, nayo ni kwamba si wa upande wowote. Faida hiyo huisha siku atakapoonekana akinywa chai katika mtaa mmoja tu.

Sasa niseme machache juu ya kukaa, kwa kuwa najua baadhi ya wasomaji watapewa barua za kwenda huko, au wana watoto watakaopewa.

Maji ndiyo habari ya kwanza. Yanunuliwe kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni ya punda, na ni vema kuwa na mtu mmoja wa maji kuliko kumbembeleza kila apitaye. Wakati wa kiangazi mtu huyo atakukumbuka. Nyama ya mbuzi haina shida. Mboga ni ghali zaidi kuliko nyama kadiri unavyotoka mjini, jambo ambalo humshangaza sana mtu wa Busia. Mwalimu wetu amejifunza kula nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta yake, nayo hukaa muda mrefu bila kuoza. Maziwa ya ngamia mwanzoni yalimtia mashaka. Mama mwenye nyumba alimcheka. Yeye ni mmoja wa wanawake wengi wa Isiolo ambao hupokea maziwa hayo alfajiri katika mitungi ya plastiki, huyapima, huyapoza na kuyapakia katika basi, nayo hufika Eastleigh, Nairobi, siku hiyohiyo. Biashara hiyo imesomesha watoto wengi kuliko misaada ninayoijua. Yeye mwenyewe hakusoma, lakini hesabu yake haikosei hata shilingi, na mwalimu wa hisabati hakuona haya kuniambia kwamba siku moja alimsahihisha yeye.

Lugha ni jambo kubwa zaidi. Kiswahili chatosha sokoni na ofisini, hakitoshi nyumbani kwa mzee. Waborana husalimiana kwa kuulizana habari za amani, nagaa, tena na tena: amani ya nyumba, ya watoto, ya mifugo. Mtu mwenye haraka huona ni kupoteza wakati. Ukae huko mwaka mmoja utafahamu kwamba katika nchi iliyopitia mambo niliyoyataja hapo juu, swali hilo ni swali hasa, na jibu lake husikilizwa.

Kisha jambo la duksi. Watoto wa Kiislamu husoma Kurani katika duksi alfajiri kabla ya shule, na tena jioni au siku za mwisho wa juma. Mwalimu mgeni huona mtoto akisinzia saa tatu asubuhi akadhani ni mvivu. Mtoto huyo ameamka saa kumi na moja, amesoma ubao mzima kwa moyo, kisha ametembea kuja kwako. Mwalimu wetu, katika miaka yake minne ya kwanza, hakuwahi kuonana na maalim wa duksi. Aliporudi alimwendea kabla ya Ramadhani, ambayo mwaka 2024 ilianza mwezi wa Machi, wakapatana kwamba hisabati ifundishwe vipindi vya kwanza vya asubuhi mwezi huo, wakati watoto bado wana nguvu, na maalim asogeze masomo yake ya jioni baada ya kufuturu. Watoto wenyewe walipendekeza mambo hayo, nao ndio wanaotumikia mabwana wawili.

Je, kuna hatari? Lazima niseme, maana familia za waalimu huuliza hilo kwanza. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lilishambuliwa karibu na Mandera na watu 28 waliuawa, wengi wao waalimu waliokuwa wakienda likizo. Mwezi wa Januari 2020 waalimu watatu waliuawa Kamuthe katika Kaunti ya Garissa, na baada ya hapo waalimu wengi wasio wenyeji waliondolewa kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Isiolo haiko katika hizo tatu, lakini mtu wa Busia hatofautishi sana. Kwa mama yake kaskazini yote ni neno moja. Kila Jumapili humpigia simu, na kila Jumapili humwuliza kama bado barabara ile ipo. Ipo, na ni ya lami mpaka Moyale, kilomita kama 500, mahali ambapo zamani malori yaliyobeba ng'ombe na watu pamoja yalichukua siku mbili au tatu kwa msafara wa askari. Mama hajaridhika bado.

Mke na watoto wamebaki Busia. Hilo ndilo aliloniambia mwisho, na hakutaka kuliongea sana. Huwaona mara tatu kwa mwaka, na hutuma fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi. Mtoto wake wa mwisho alipoanza kusema alimwita baba wa kwenye simu. Watu humsifu kwa kujitolea, naye husikiliza sifa hizo kwa uso wa mtu anayejua bei yake.

Mvua ya pili aliyoitaja mama mwenye nyumba ilinyesha, ikapita. Mama hakusema neno, ila mwezi uliofuata alipokea kodi ya miezi mitatu bila kubisha, na alimwonyesha mahali nyuma ya chumba ambapo angeweza kupanda mti. Amepanda mwarobaini. Umefika kimo cha mtoto wa darasa la pili, na punda wa maji amekwisha kuutafuna mara moja.

Mwanzo wa mwaka uliofuata nilipata tena barua yenye mwandiko wake mezani. Niliifungua kwa wasiwasi, nikidhani ni uhamisho. Ilikuwa ya kuomba madawati ishirini na mwalimu wa pili wa hisabati. Madawati yamefika. Mwalimu wa pili tunamngojea.